Maisha Mazima kwa Mistari Michache: Hotuba kwa Watunza Kumbukumbu

(Hotuba hii niliitoa mbele ya watunza kumbukumbu, makarani wa masjala na wanafunzi wao. Walioshindwa kufika wameomba maneno yenyewe, basi haya hapa kama yalivyosemwa.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu mliostaafu mkakubali kuja, dada zangu na kaka zangu wa masjala, vijana wanafunzi, habari za asubuhi.

Najua baadhi yenu, mliposikia kwamba mgeni wa leo ni mwalimu wa falsafa na kwamba atazungumzia Wafaransa, mlijiuliza: hayo yanatuhusu nini sisi tunaoshinda na majalada, vumbi na mihuri? Ni swali la haki. Nitalijibu kwa kisa.

Tarehe 31 Agosti 1707, mtu mmoja aitwaye Mathurin Milan aliingizwa katika hospitali ya Charenton, jirani na Paris. Siku zile hospitali ilikuwa pia mahali pa kufungia watu. Karani akafungua daftari, akaandika sababu. Aliandika kwamba wazimu wa mtu huyu siku zote ulikuwa kujificha na jamaa zake, kuishi maisha yasiyojulikana huko shamba, kuwa na kesi, kukopesha kwa riba bila dhamana, kuitembeza akili yake dhaifu katika njia zisizofahamika, na kujiona anafaa kwa kazi kubwa kuliko zote. Akafunga daftari.

Hebu isikilizeni tena orodha ile. Kujitenga na jamaa. Kuishi shamba. Kuwa na kesi mahakamani. Kukopesha. Kujiona unaweza makubwa. Ndugu zangu, ni nani humu ndani hana mjomba wa namna hiyo? Na mjomba huyo, je, ni mwendawazimu?

Mwaka 1977, miaka 270 baada ya daftari lile, mwanafalsafa wa Kifaransa Michel Foucault alichapisha insha fupi kuhusu watu wa aina ya Milan. Alieleza kwamba alipokuwa akisoma madaftari kama hayo katika Maktaba ya Taifa mjini Paris, mistari ile michache ilimtikisa kuliko kazi nyingi za fasihi. Watu wale hawakuwa mashujaa wala watakatifu. Wangepita duniani bila mtu kujua kwamba waliwahi kuishi, isipokuwa siku moja waligongana na mamlaka, na mamlaka yakaandika. Tulichonacho leo ni mwanga wa mgongano ule tu. Katika mistari ile Milan mwenyewe hasemi neno hata moja.

Na mistari ile iliandikwa na nani? Iliandikwa na mtu wa kazi yenu.

Ndiyo maana nimekuja. Wafaransa wa karne ya 20 walifikiri kwa kina, pengine kuliko watu wa nchi nyingine yoyote ya Ulaya, juu ya maana ya kutazamwa na kuandikwa. Nami nimekuja na neno moja nililolipata kwao, ingawa wao hawakulisema hivi: jicho linalokutazama hupita, kilichoandikwa hubaki, na mtu hutawaliwa hasa pale anapoandikwa bila kuweza kusoma alichoandikwa wala kukijibu.

Tuanze na jicho lenyewe.

Mwaka 1943 mwanafalsafa mwingine wa Kifaransa, Jean-Paul Sartre, alichapisha kitabu kinene cha falsafa, na ndani yake mna kisa ambacho kila mwanafunzi wa falsafa anakikumbuka hata akiwa amesahau mengine yote. Mtu ameinama mlangoni, anachungulia kwenye tundu la ufunguo. Wivu umemjaa. Kwa wakati ule hajifikirii hata kidogo. Hana jina, hana sura, amezama mzima katika kile kinachotendeka upande wa pili. Ghafla anasikia nyayo ukumbini. Ameonwa! Na papo hapo anajiona: kumbe yeye ni mchunguliaji. Aibu inampanda hadi masikioni.

Ni nini kimebadilika? Hakuna aliyemgusa. Hakuna aliyemwambia neno. Lakini sasa yupo mtu mwingine ambaye machoni pake yeye ni kitu fulani, na hawezi kuamua ni kitu gani. Sartre anasema hapo ndipo tunapogundua kwamba wengine wapo kweli: tunapotazamwa.

Anaongeza jambo ambalo naomba mlishike. Jicho si lazima liwe jicho. Askari wanaotambaa vichakani, wakiinua vichwa wakaona nyumba nyeupe ya shamba juu ya kilima, wanaikwepa nyumba nzima. Hawajui kama kuna mtu dirishani. Nyumba yenyewe inawatazama. Na hata nyayo zile za ukumbini zikiwa si za mtu yeyote, aibu iliyokwisha kumpata mchunguliaji ni ya kweli.

Kitabu hicho kilitoka Paris ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani. Sartre alichambua aibu ya sekunde chache. Katika jiji lile lile, wakati ule ule, kulikuwa na jicho jingine, la karatasi.

Tarehe 27 Septemba 1940 ilitolewa amri kwamba Wayahudi wote wa eneo lililokaliwa na Wajerumani wajiandikishe. Mwezi Oktoba, watu wapatao 150,000 wa Paris na vitongoji vyake walipanga foleni kwenye vituo vya polisi, vya polisi wa Ufaransa, wakataja majina yao, anwani zao, kazi zao. Afisa mmoja wa makao makuu ya polisi, André Tulard, akasimamia upangaji wa kadi. Alizipanga kwa njia nne: kwa jina, kwa mtaa, kwa kazi, na kwa uraia.

Dada zangu na kaka zangu, nyinyi mnaielewa kazi ile kuliko mimi. Ukijua jina, unafika. Ukijua mtaa, unafika. Ukijua kazi tu, unafika. Kwa ufundi wa masjala ilikuwa kazi safi mno, na ndiyo maana inanitisha.

Tarehe 16 na 17 Julai 1942, alfajiri, askari polisi wa Ufaransa walipewa kadi zilizotolewa kwenye mpangilio ule, wakapita mlango kwa mlango. Walikamata watu 13,152. Kati yao watoto walikuwa 4,115. Familia zilirundikwa katika uwanja wa mbio za baiskeli ulioitwa Vélodrome d'Hiver, kisha zikapelekwa makambini, kisha Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wajerumani. Ilichukua hadi Julai 1995 kwa Rais wa Ufaransa, Jacques Chirac, kukiri hadharani kwamba dola la Ufaransa lilishiriki.

Sisemi kadi iliua. Watu waliua. Lakini askari asiye na orodha hana budi kubisha milango yote ya mtaa. Askari mwenye orodha anabisha mlango wako. Na orodha ile iliandikwa karibu miaka miwili kabla, katika foleni tulivu, na makarani ambao wengi wao bila shaka walikwenda nyumbani jioni wakiamini wamefanya kazi ya kawaida ya ofisi. Nawauliza, na sitaki mnijibu sasa: tunapoongeza safu moja kwenye fomu, tukauliza kabila, tukauliza dini, tunajua nani ataishika fomu ile miaka miwili ijayo?

Nataka sasa nivuke bahari ya Mediterania, kwa sababu bila upande huu wa pili hadithi ya Wafaransa haikamiliki.

Mwaka 1948 Sartre aliandika utangulizi wa diwani ya washairi weusi iliyokusanywa na mshairi wa Senegal, Léopold Sédar Senghor. Humo alisema kwamba mzungu, kwa miaka elfu tatu, alikuwa amefaidi heshima ya kuona bila kuonwa. Kuona bila kuonwa! Miaka minne baadaye kijana wa Martinique, Frantz Fanon, aliyekuwa amesomea udaktari mjini Lyon, akaandika jinsi inavyokuwa kwa yule anayeonwa. Yumo Ufaransa, nchi ile baridi, na mtoto mdogo wa kizungu anamwoneshea kidole: Mama, mtazame yule mtu mweusi, naogopa! Fanon anasema mwili wake ukamrudia ukiwa umetawanyika, umepakwa rangi, umevikwa hadithi zote ambazo wengine walikwisha kuzitunga juu yake kabla hajazaliwa. Kwenye treni wanamwachia viti viwili, vitatu.

Mnaona tofauti na yule wa tundu la ufunguo? Yule wa Sartre aliona aibu kwa jambo alilotenda. Fanon hakutenda kitu. Alikuwa amekwisha kuandikwa. Kwa maoni yangu hapa mwanafunzi alimpita mwalimu, na bado Fanon hafundishwi inavyostahili katika madarasa yetu ya falsafa, wakati nusu ya tunayoyaita mambo mapya kuhusu kamera na utambuzi wa sura alikwisha kuyagusa. Akifundisha Tunis mwaka 1959 na 1960, aliwaeleza wanafunzi wake juu ya saa ya kugongea kadi kiwandani, juu ya wahudumu wa simu wanaosikilizwa na msimamizi, juu ya kamera katika maduka makubwa ya Marekani, na jinsi mambo hayo yanavyoingia katika neva za mfanyakazi.

Mwaka ule ule wa 1960, kijana mwingine alikuwa Algeria, nchi iliyokuwa vitani ikidai uhuru wake kwa Ufaransa, naye alikuwa upande wa pili wa kamera. Marc Garanger alikuwa askari wa Ufaransa aliyelazimishwa kujiunga na jeshi, na kwa sababu alijua kupiga picha akafanywa mpiga picha wa kikosi. Kamanda wake aliamua wanavijiji wote wawe na vitambulisho, ili jeshi lidhibiti nani anatoka kijiji gani kwenda wapi. Garanger akaweka kigoda nje, mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Wanawake wakaletwa mmoja mmoja. Wakaamriwa wavue ushungi. Wengi wao hawakuwahi kuonwa na mwanamume mgeni bila ushungi tangu wavunje ungo. Kwa siku kumi alipiga picha watu wapatao 2,000.

Ndugu zangu, nimezitazama picha zile mara nyingi. Nywele zimetimka, vitambaa vimevutwa. Lakini wanamtazama. Wanawake wale wanaitazama kamera moja kwa moja, wengine kwa ghadhabu ambayo haihitaji mkalimani. Garanger mwenyewe alisema baadaye kwamba jicho lao lilimpiga kama risasi ya karibu, na kwamba yeye alikuwa shahidi wa kwanza wa upinzani wao wa kimya. Mwaka 1982 alizichapisha picha hizo kama ushahidi dhidi ya vita alivyotumikishwa.

Fanon naye alikwisha kuandika mwaka 1959 kwamba mwanamke wa Algeria aliyejitanda alimkera mkoloni kwa sababu moja kubwa: anaona bila kuonwa. Ile haki ya miaka elfu tatu, yeye aliitwaa kwa kipande cha kitambaa. Ndiyo maana kumvua kulikuwa jambo la kijeshi.

Kuna sehemu ya mwisho ya kisa hiki, nayo hunisumbua. Mwaka 2004 Garanger alirudi Algeria akiwatafuta wanawake wale. Aliwapata baadhi yao. Na aligundua kwamba kwa wengi wao picha ile ya kulazimishwa ndiyo picha pekee waliyowahi kupigwa ujanani. Mzee wa Kialjeria anashika picha iliyopigwa na jeshi lililomdhalilisha mkewe, na ndiyo sura pekee aliyonayo ya mkewe akiwa msichana. Mnamwambia nini? Aichane? Ninaposema kuandikwa ni hatari, sitaki mtu yeyote aondoke hapa akidhani dawa ni kuchoma masjala. Milan angekuwa hayupo kabisa bila daftari. Nyinyi mnatunza nyaraka ambazo kesho mtu atazitafuta kwa machozi.

Sasa tumfikie Foucault kwa ukamilifu wake, kitabu chake cha 1975 juu ya kuzaliwa kwa gereza.

Wengi wenu mmesikia habari ya mnara. Mwingereza Jeremy Bentham, mwishoni mwa karne ya 18, alichora jengo la duara lenye vyumba pembeni na mnara katikati. Mlinzi wa mnarani anawaona wote. Wao hawamwoni, hawajui kama yupo. Basi kila mmoja anajilinda mwenyewe. Ile nyumba nyeupe ya Sartre juu ya kilima, sasa imejengwa kwa makusudi. Picha hii ni kali, na kwa sababu ni kali imewafanya watu wasahau kurasa zinazoizunguka. Mimi nadhani mnara si moyo wa kitabu. Moyo wa kitabu ni daftari.

Tazameni jinsi anavyoeleza mji uliopigwa na tauni, kwa kufuata kanuni za mwisho wa karne ya 17 alizozikuta katika hifadhi ya nyaraka za kijeshi. Mji unafungwa. Kila mtaa una msimamizi, na msimamizi akiuacha mtaa adhabu yake ni kifo. Yeye mwenyewe anafunga kila mlango kwa nje na kukabidhi ufunguo. Mikate na divai vinapitishwa katika mifereji midogo ya mbao. Na kila siku msimamizi anapita, anasimama mbele ya kila nyumba, anawaita wakazi kwa majina, na kila mmoja anapaswa kujitokeza dirishani mwake. Asiyejitokeza, msimamizi anauliza: mgonjwa au amekufa? Na anaandika. Jina, umri, jinsia vilikwisha kuandikwa siku ya kwanza. Sasa vinaandikwa vifo, maradhi, malalamiko, na taarifa inapanda kwa mkuu wa eneo, kisha kwa hakimu wa mji.

Dirisha ni jicho, sawa. Lakini dirisha bila daftari ni salamu za asubuhi tu. Daftari ndilo linalomfanya hakimu, ambaye hajawahi kufika mtaa ule, ajue.

Kutoka hapo Foucault anatuonesha chombo anachokiona kikubwa kuliko vyote, nacho kila mmoja wetu amekipitia: mtihani. Mtihani wa shule, uchunguzi wa daktari wodini, ukaguzi wa askari gwaride. Mtihani unaunganisha jicho na kalamu. Unakutazama, unakupima dhidi ya wenzako, unakuandika, na tangu hapo wewe ni kesi yenye namba. Zamani, anasema, walioandikwa maisha yao walikuwa wafalme na mashujaa. Kuandikwa kulikuwa heshima. Kisha mambo yakageuka. Wakaanza kuandikwa mtoto, mgonjwa, mwendawazimu, mfungwa. Kadiri ulivyo mnyonge, ndivyo jalada lako linavyonenepa. Ni kweli au si kweli? Tajiri wa mji ana jalada gani ustawi wa jamii? Mama anayeomba msaada wa mtoto mwenye ulemavu ana jalada la unene gani?

Nina manung'uniko yangu juu ya Foucault, na nitayasema. Alifundisha Tunis kuanzia 1966 hadi 1968, aliona Afrika kwa macho yake, lakini kitabu kile kinabaki Ulaya. Kama angegeuka kidogo tu angekuta kipande cha Kenya. Sheria yake ni ya 1915, na utekelezaji ulianza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na kuendelea alitakiwa kubeba karatasi yenye alama zake za vidole na historia ya ajira yake, ndani ya kibweta cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Mwajiri ndiye aliyeandika lini ameanza kazi na lini ameruhusiwa kuondoka. Asiposaini, huwezi kuajiriwa kwingine. Wengi waliokibeba hawakujua kusoma. Fikirini: unatembea maili na maili ukiwa na neno la bwana wako shingoni, na wewe hulijui. Harry Thuku na wenzake walipoinuka mwanzoni mwa miaka ya 1920, kipande kilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyapinga. Walijua walichokuwa wakisema bila kusoma Mfaransa yeyote.

Nakuja karibu na siku zetu, na hapa nitakwenda haraka, maana Mwenyekiti ananitazama.

Katikati ya Vita Kuu ya Pili, mkuu wa takwimu wa Ufaransa, René Carmille, alibuni namba ya utambulisho ya tarakimu 13 kwa kila mtu. Namba ile Wafaransa wanaitumia mpaka leo. Carmille mwenyewe alikuwa katika harakati za siri dhidi ya Wajerumani. Alikamatwa Februari 1944 na akafia kambi ya Dachau Januari 1945. Mtu wa takwimu, mtu wa kadi kama Tulard, na tazameni njia zao zilivyoachana. Mnapoambiwa kwamba mtunza kumbukumbu hana uamuzi, yeye ni mkono tu, wakumbukeni hao wawili.

Lakini namba huishi kuliko nia ya aliyeibuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Ufaransa ilipanga kuitumia namba ile ile kuunganisha mafaili yote ya idara zake kwa kompyuta. Mpango ukapewa jina la mkato: SAFARI. Ndiyo, neno letu, lililofika kwao kupitia wawindaji. Tarehe 21 Machi 1974 gazeti la Le Monde likatoka na makala ya Philippe Boucher, na kichwa chake kilisema hiyo ni safari ya kuwawinda Wafaransa. Nchi ikachafuka. Kumbukeni ilikuwa nchi ambayo watu wake wenye umri wa miaka 40 walizikumbuka kadi za 1942. Uunganishaji ukasimamishwa, tume ikaundwa, na tarehe 6 Januari 1978 ikapita sheria inayompa kila mtu haki ya kuuliza: mmeniandika nini? Nionesheni. Hapa mmekosea, sahihisheni.

Sheria ile ni miongoni mwa mababu wa sheria za leo, zikiwemo zetu: ya Kenya ya 2019, na ya Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Haki ya kusoma na kusahihisha imo. Mnaijua. Swali langu ni kama anayeandikwa anaijua.

Mwaka 1990 mwanafalsafa Gilles Deleuze, rafiki wa Foucault, akiandika miaka sita baada ya mwenzake kufariki, alionya kwamba kuta zinabomoka na ulinzi unabaki. Alisimulia mji aliouwaza Félix Guattari, mwandishi mwenzake, ambamo kila mtu ana kadi ya kielektroniki inayomfungulia kizuizi cha nyumba yake, cha mtaa wake, cha eneo lake. Siku fulani, au saa fulani tu, kadi inakataa. Hakuna askari, hakuna ukuta, hakuna wa kumuuliza. Nani kati yetu hajasimama mbele ya dirisha la ofisi akaambiwa, mfumo unakukataa? Yule karani wa 1707 angalau alikuwa na uso.

Kisa changu cha mwisho hakimo katika kitabu chochote cha Foucault cha nadharia, nami nakipenda kuliko vyote.

Februari 1971, miaka minne kabla ya kitabu cha gereza, Foucault pamoja na Jean-Marie Domenach na Pierre Vidal-Naquet walitangaza kikundi cha kupata habari za magereza. Lengo halikuwa kuandika juu ya wafungwa. Walitaka wafungwa waandike. Walitunga maswali wakayapitisha kwa siri kupitia ndugu waliopanga foleni siku za kutembelea, nje ya gereza la La Santé na mengine. Mnakula nini? Mnapigwa? Mnafua lini? Mama aliyekuja na sabuni ya mwanawe aliondoka akiwa na maswali kifuani. Majibu yakarudi, yakachapishwa kijitabu. Gereza lililozoea kuandika likaandikwa.

Desemba mwaka ule wafungwa wa Toul, mashariki ya Ufaransa, waliasi. Daktari wa akili wa gereza lile, Dk. Édith Rose, akatoa taarifa. Alikuwa mwajiriwa wa ndani, mtu wa mafaili ya ndani. Alieleza watu waliofungwa mikono na miguu vitandani kwa siku nyingi. Foucault aliandika mara moja juu ya taarifa ile, na kilichomgusa hakikuwa ukali wa maneno yake. Kilikuwa sarufi yake. Hakusema "inadaiwa". Hakusema "imeripotiwa". Alisema: mimi, siku fulani, mahali fulani, nilikuwapo, niliona. Alitia sahihi.

Wangapi kati yetu wanaandika hivyo? Mafaili yetu yamejaa "imebainika", "imeonekana", "mhusika ni mkaidi". Imebainika na nani? Ameonekana na nani, saa ngapi, akifanya nini? Mtu anakosa cheo kwa miaka kumi kwa neno "mkaidi" katika jalada la siri, neno ambalo halina mwenyewe.

Nina maombi kwenu kama watu wa kazi. Mkirudi ofisini, tafuteni jalada moja, lolote, la mtu asiye na cheo. Lisomeni kama kwamba mtu huyo ameketi mbele yenu. Kila sentensi inayomhukumu, tafuteni nani ameisema na lini. Isiyo na mwenyewe, iulizieni kwa maandishi. Na kama kanuni zenu zinaruhusu, mwiteni mhusika aje asome, mumwachie ukurasa wa kujibu kwa mkono wake mwenyewe, na ukurasa huo upewe folio yake, yaani namba yake jaladani, kama kurasa nyingine zote.

Mwenyekiti amenipa dakika chache za maswali. Ningependa waanze walio masjala za hospitali, kwa sababu wao ndio wanaoandika watu siku ambazo watu hao hawawezi hata kushika kalamu.